Vyura Niliowatoa Baridini

Nilistaafu wiki tatu zilizopita. Tayari nimepima joto la jikoni, la chumba cha kulala na la maji ya kuoga, nikayaandika yote kwenye daftari, mpaka mume wangu akaniuliza kwa upole kama nimepanga kumwandikia ripoti. Ndipo nilipoona heri mikono hii niipe kazi nyingine. Nyinyi mliobaki ofisini mmekuwa mkiniomba miaka yote niwasimulie zamani zetu, nami nikawa nasema kesho. Basi kesho imefika. Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi wakati huo haikuwa hapo mnapokaa sasa. Ilikuwa vyumba viwili juu ya ghala la magunia huko Industrial Area, na dirisha letu pekee lilitazama paa la mabati la karakana ya kuchomelea vyuma. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Makadara, na kila asubuhi nilikwenda kwa miguu. Nilikuwa msichana wa Kibwezi, nimemaliza kozi ya ukarani, najua kupiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na nilidhani naenda kupiga barua.

Siku ya kwanza mlango ulifunguliwa na mama wa makamo aliyefunga leso juu ya koti jeupe la maabara. Alinitazama viatu kwanza, halafu uso. Huyo ndiye Bi Rukia, mzaliwa wa Pumwani hapa hapa Nairobi, fundi wa maabara, na mtu aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Hakuniuliza cheti. Alifungua friji kuukuu ya soda, ile ya mlango wa kioo, akatoa kopo la siagi lililotobolewa kifuniko, akaniwekea mkononi. Ndani, juu ya nyasi zilizolowa, alikuwa amekaa chura wa rangi ya udongo, mdogo kuliko kidole gumba changu.

"Huyu ndiye mwajiri wako," akasema. "Sisi wengine ni makarani wake."

Mkuu wetu alikuwa Daktari Wekesa, mtu mrefu, mpole, aliyesahau chai kila alipoimimina. Alinieleza kazi kwa dakika kumi, na sijawahi kusikia maelezo bora tangu hapo. Chura huyu, alisema, anaishi juu kabisa mlimani, kwenye vinamasi ambako asubuhi nyasi huwa na barafu. Baridi ndiyo maisha yake. Dunia inaongezeka joto, na tunataka kujua itakuwaje kwake. Hatuwezi kungoja miaka hamsini tuone, kwa hiyo tutaiuliza kompyuta.

Nyinyi leo modeli mnaziendesha mkinywa kahawa. Sisi tulikuwa na kompyuta moja yenye maandishi ya kijani, nayo ilifikiri kwa sauti. Mlima tuliugawa kwa vijisanduku. Kila kijisanduku kilipewa joto lake, ambalo mimi nililipiga taipu kutoka kwenye madaftari ya walinzi wa msitu, mengine yakiwa na madoa ya ugali. Halafu tunaongeza joto kidogo, tunauliza: hapa chura ataishi? Tunaongeza tena, tunauliza tena. Printa haikuwa na rangi, ikatoa nambari tupu. Kupaka rangi ilikuwa kazi yangu, kwa penseli za watoto wa shule: buluu pale chura anapoishi, manjano pale asipoishi.

Sasa, ili kompyuta ijibu, ilihitaji nambari moja ambayo haikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Ni joto gani linalomshinda chura huyu? Hiyo ilibidi tumuulize mwenyewe. Unamweka kwenye sufuria ya maji baridi, unayapasha moto polepole sana, na kila baada ya muda unamgeuza chali kwa kijiko. Chura mzima hapendi kulala chali. Anajipindua mara moja, na kwa hasira. Joto likifika mahali akashindwa kujipindua, umepata nambari yako. Hapo hapo unamrudisha kwenye maji baridi, na baada ya muda anakaa na kukutazama kama mtu aliyekosewa heshima. Bi Rukia alikuwa na kijiko maalumu cha kazi hiyo, na ole wako ukikitumia kukorogea chai.

Kuwalisha vyura kuliangukia kwangu. Walikula nzi, na nzi wa kutosha walipatikana mahali pamoja tu, Soko la Burma, la nyama. Mara tatu kwa wiki nilishuka na chupa ya jamu na kipande cha neti, nikasimama nyuma ya bucha ya Kilonzo, mtu wa Machakos mwenye mabega mapana na ucheshi wa ghafla. Mara ya kwanza aliponiuliza nataka kilo ngapi, nikamwambia nataka nzi. Alifikiri sana. Akaniambia nichukue wote, na nikiweza nirudi kesho nichukue ndugu zao. Kwa miaka mingi nilijulikana Burma kama yule dada wa nzi, na mpaka leo kuna wazee pale hawajui jina langu lingine.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, kazi ikapata haraka. Kamati ya huko mlimani ilikuwa inataka kukata miti inayozunguka kinamasi kikubwa kuliko vyote, ili watu walime viazi. Walikuwa wamekubali kungoja ripoti yetu. Kama chura anavumilia joto, miti ingekatwa, maana kivuli chake kisingekuwa na kazi. Kama havumilii, miti ingebaki. Basi nambari ile ya sufuria ndiyo iliyoshika kinamasi kizima.

Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi, anga imefunikwa wiki nzima, watu wanatembea wamekumbatia mifuko yao. Kwa mtoto wa Kibwezi, aliyezoea joto, ilikuwa adhabu. Nilivaa sweta mbili na soksi za mume wa shangazi. Bi Rukia alikuwa amekwenda Mombasa kwenye harusi ya binti yake, na alinipa funguo za friji kwa maneno machache: walishe, walowanishe, usiwasumbue. Daktari alikuwa mlimani akisoma vipimajoto. Nikabaki mimi na vyura kumi na wawili nyuma ya kioo.

Niliwaona wamejikunyata ndani ya makopo yao, miguu imekunjwa, macho nusu, hawasogei. Nilijiona mimi. Asubuhi moja jua lilichungulia kwenye mabati ya karakana, likaingia dirishani, na nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya kwa mgeni anayetetemeka. Nikawatoa. Niliyapanga makopo dirishani saa tatu asubuhi, nikayarudisha kwenye friji saa kumi jioni kabla ya kufunga. Siku zisizo na jua niliyaweka juu ya kompyuta, ambayo ilikuwa na joto lake. Siku za kwanza walilegea kidogo, lakini baada ya wiki walichangamka. Wakaruka, wakala nzi mpaka nikaongeza safari za Burma. Nilifurahi kwelikweli. Nilijiambia, kumbe hawa walikuwa hawajapata mtu wa kuwajali.

Daktari aliporudi tulipima. Vyura walijipindua vizuri, wakajipindua tena, na maji yalipokuwa vuguvugu kiasi cha kunawia uso walikuwa bado wanajipindua. Daktari alisimama na kijiko mkononi akasahau chai mbili. Tuliingiza nambari kwenye kompyuta, tukangoja, na karatasi zikatoka. Nilikaa kupaka rangi siku mbili. Buluu, buluu, buluu. Nilimaliza penseli tatu za buluu, ya manjano sikuichonga hata mara moja. Hata ulipoongeza joto, na ukakiweka kinamasi pasipo kivuli, chura alikuwa salama. Daktari alisema hajawahi kushangazwa hivyo na mnyama mdogo hivyo, akaanza kuandika ripoti. Shangazi alipika pilau.

Bi Rukia alirudi Jumatatu. Aliingia ofisini amejifunga shuka juu ya koti, anatetemeka, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la umeme kuota mikono. Yeye ambaye kila asubuhi ya baridi alinicheka kwa sweta zangu. Nikamuuliza kama ni mgonjwa.

Akasema si mgonjwa. Wiki nne za Mombasa zimemharibu tu. Siku za kwanza kule alikuwa analala sakafuni kwa joto, akijimwagia maji kichwani. Wiki ya tatu akawa hasikii joto tena, anakunywa chai ya moto adhuhuri. Sasa amerudi na mwili wa Mombasa, na itabidi aungoje mpaka uzoee tena. Alisema hivyo akisugua viganja, kisha akauliza nzi wako wapi.

Nilimwonyesha chupa ya jamu. Nilikuwa natazama makopo kwenye friji. Vyura wangu nao walikuwa wamekwenda Mombasa. Mimi ndiye niliyewapeleka, kila siku, saa tatu mpaka saa kumi.

Jioni ile nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu, nikapita Jogoo Road yote mpaka Buruburu ambako sikuwa na shughuli, nikageuka. Nitawaambia ukweli, maana wengine huwa wanasimulia mambo kama haya wakijipamba. Nilifikiri kunyamaza. Hakuna aliyejua. Nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio ya kazi, barua ya kuajiriwa ilikuwa haijaandikwa, na kila mtu alikuwa na furaha. Nilijiambia pia kwamba pengine tofauti ni ndogo. Lakini nilikuwa nimeipaka ramani ile kwa mkono wangu, na nilipofumba macho niliiona, na buluu yote ile ilikuwa dirisha langu.

Asubuhi niliwakuta wote wawili, Daktari akiwa ameweka ripoti mezani ili niipige chapa safi.

"Daktari, ramani si ya kweli," nikasema. "Hao vyura nilikuwa nikiwatoa kwenye friji wakaote jua."

Bi Rukia aliweka kikombe chini. "Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili nilikuwa kanisani."

Daktari aliuliza kwa nini, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua. Nikamwambia niliwaonea huruma, walikuwa wanasikia baridi. Bi Rukia alitazama dari kwa muda mrefu, na niliona mdomo wake unahangaika usicheke. Kisha akaniambia maneno ambayo nimewarudishia nyinyi mara nyingi bila kuwaambia yalikotoka.

"Ndunge mwanangu, umemhurumia kwa mwili wako wewe. Yeye mwili wake ni mwingine."

Nililia kidogo. Daktari aliniomba daftari la kulishia. Nami, kwa kuwa nilifunzwa ukarani na karani huandika kila kitu, nilikuwa nimeandika katika safu ya mwisho, ile ya mengineyo ambayo hakuna aliyeisoma: wametoka saa tatu, wamerudi saa kumi, jua, wametoka saa tatu, wamerudi saa kumi, kompyuta. Kila siku. Alisoma kurasa zote amesimama. Alipomaliza aliichukua ripoti mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akasema kesho anakwenda mlimani kuleta vyura wengine na kuwarudisha hawa wastaafu. Miaka miwili baadaye aliandika makala kuhusu jinsi chura wa baridi anavyoweza kuzoea joto kidogo akipewa muda, na vyura wangu wa dirishani walikuwa humo, kana kwamba tulipanga. Nami sikupinga.

Tulikuwa na wiki tatu kabla ya kikao cha kamati. Vyura wapya walihitaji mbili za kukaa kwenye baridi yao bila kuguswa. Bi Rukia alifunga friji kwa kufuli, akautia ufunguo kwenye pindo la leso yake, na sikumlaumu. Siku ya nne tangu waje, transfoma ya mtaa wetu ilipasuka kwa mshindo, umeme ukakatika, na mafundi walipokuja walitazama juu, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Adhuhuri friji ilikuwa imeanza kutoa jasho.

Mimi ndiye niliyesema Burma. Kilonzo alikuwa na chumba cha baridi nyuma ya bucha, chenye jenereta yake mwenyewe. Tuliyapanga makopo kwenye kreti ya soda, tukayafunika magunia yaliyoloweshwa, tukakodi mkokoteni, na tukavuka Jogoo Road mimi nikishika upande mmoja na Bi Rukia upande mwingine, koti jeupe na leso, watu wakitupisha wakidhani tumebeba dawa.

Kilonzo alisikiliza, akafunua gunia, akachungulia, akafunika.

"Ndunge, hizi vitu zako zikitoka kwa kopo na mtu wa afya akuwe hapa, mimi narudi Machakos kuuza maembe."

Nikamwambia hazitatoka. Nikamwambia pia kwamba nimemwondolea nzi karibu mwaka mzima na sijawahi kumwomba hata mfupa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alitupa rafu ya chini, mbali na nyama, akataka kreti ifungwe na iandikwe kwa maandishi makubwa. Nikaandika SI CHAKULA. Mteja mmoja aliyeiona mlango ulipofunguliwa alitaka kujua basi ni nini, na Kilonzo akamwambia ni mambo ya serikali, jibu ambalo siku hizo halikuwa na swali la pili.

Wiki iliyofuata ndiyo wiki niliyopata baridi kuliko zote maishani. Sehemu iliyo karibu na feni ilikuwa na baridi kali kupita kiasi, iliyo karibu na mlango ilikuwa na joto kila mlango ulipofunguliwa, na katikati palikuwa na mbuzi waliotundikwa. Ilibidi niingie na kipimajoto mara tano kwa siku, nisogeze kreti hatua moja huku, nusu hatua kule, niandike. Nilivaa sweta zote mbili, koti la shangazi na kofia ya Kilonzo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mapaja ya ng'ombe, meno yakigongana, nikawatazama vyura. Walikuwa wamejikunyata vilevile, macho nusu. Lakini sasa nilikaa nao muda mrefu wa kutosha kuwaona vizuri, na niliona koo zao zikipanda na kushuka taratibu, bila shida yoyote. Walikuwa wamestarehe. Aliyekuwa anateseka mle ndani ni mmoja tu.

Umeme ulirudi zimebaki siku mbili kutimiza wiki zao mbili, nasi tukangoja zitimie. Tulipima. Bi Rukia alinipa kijiko, kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma yangu. Maji yalikuwa bado mbali sana na vuguvugu nilipomgeuza chura wa kwanza chali, akapiga miguu, akapiga tena, akashindwa. Nilimtoa haraka. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Daktari aliandika.

Ramani ya pili niliipaka kwa siku moja. Penseli ya buluu ilibaki ndefu. Nilitumwa dukani kuongeza za manjano. Buluu ilibaki kwenye ncha za juu, na mahali pengine pamoja tu: kile kinamasi, na pale pale tu tulipoiambia kompyuta kwamba miti bado ipo. Ukiiondoa miti, manjano. Daktari alizichukua ramani mbili, yenye miti na isiyo na miti, akaenda nazo kwenye kamati. Alirudi amechoka, akamimina chai na safari hii akainywa. Walibishana sana, alisema. Viazi vilipewa mteremko wa upande wa pili. Miti ingebaki.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi. Kompyuta zilianza kutoa rangi zenyewe, tukahama Industrial Area, Bi Rukia alistaafu akahamia Mombasa, safari hii pamoja na mwili wake. Daktari hatunaye tena. Kilonzo alimwachia mwanawe bucha, na nzi wake bado ni wazuri.

Jambo moja sikuwahi kuwaambia. Katika miaka yote hiyo ya kumhesabu chura yule, sikuwahi kupanda mpaka kwake. Kila safari ilipopangwa nilikuwa na sababu, mtoto mgonjwa, ripoti, magoti. Sababu yenyewe ilikuwa baridi. Ndiyo maana mlipouliza mnizawadie nini nikasema nipelekeni kinamasini, na nyinyi mkadhani natania.

Mnakumbuka asubuhi ile. Nyinyi mlikuwa mbele mkipiga picha. Mimi nilibaki nyuma kwenye miti. Ni minene sasa, imefunga kivuli, na chini yake nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na zilivunjika kwa sauti nilipokanyaga. Niliinama, nikapekua kishina cha nyasi, naye alikuwepo. Wa rangi ya udongo, mdogo kuliko kidole gumba. Nilimweka kiganjani. Alikuwa wa baridi kabisa, miguu imekunjwa, macho nusu, na nilihisi mkono wangu mwingine umeshafika shingoni unafungua skafu ili nimfunike.

Niliushusha. Nikamrudisha palepale penye barafu, nikahakikisha yuko upande wa kivuli, kisha nikajifunga skafu mimi.